Je, Wajua? Bata Mzinga Aliyeombewa na Mtoto wa Rais

Mwaka 2003 kilitoka Marekani kitabu cha picha cha watoto kiitwacho Thanksgiving in the White House. Mwandishi wake ni Gary Hines, na picha zimechorwa na Alexandra Wallner. Kinasimulia habari za Tad, kitinda mimba wa Rais Abraham Lincoln, na bata mzinga aliyeletwa Ikulu akiwa hai ili anenepeshwe na kuchinjwa kwa karamu. Mtoto akamzoea yule ndege, akampa jina la Jack, na siku ya kisu ilipowadia akamkimbilia baba yake kumwombea. Rais akamsikiliza. Jack hakuchinjwa.

Ni hadithi fupi ya kumsomea mtoto kabla hajalala. Lakini ukiifuatilia hadi kwenye chimbuko lake unakutana na vita, msiba, wafungwa waliosubiri kunyongwa, na mama mjane aliyeandika barua miaka nenda rudi. Na karibu kila mahali unakuta jambo moja: huruma ya mkubwa haikuja yenyewe, bali kuna mtu alijitokeza kumwombea mwenzake. Haya ni baadhi ya mambo yanayostahili kujulikana na kila mzazi anayekisoma kitabu hicho na wanawe.

Je, wajua kwamba bata mzinga wa Lincoln alikuwa wa Krismasi?

Kitabu kinaifungamanisha hadithi na Sikukuu ya Shukrani, ile ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Lakini aliyetuachia habari hizi ni mwandishi wa magazeti Noah Brooks, rafiki wa familia ya Lincoln aliyekuwa akiingia na kutoka Ikulu, na taarifa yake ya mwaka 1865 inasema wazi kwamba ndege huyo aliletwa kwa ajili ya mlo wa Krismasi. Tad akaingilia kati kumtetea, ombi likakubaliwa, na ndege akaachwa hai. Ukipiga hesabu kwa maelezo ya Brooks, hiyo ni Krismasi ya 1863. Mambo ya mtoto kuvamia kikao cha mawaziri huku akilia, na rais kuchukua kalamu na kuandika msamaha kwenye karatasi, yamo katika masimulizi ya baadaye.

Kwa nini basi watunzi wameihamishia Novemba? Sababu inaeleweka, kwa kuwa bata mzinga ndiye nyama ya Sikukuu ya Shukrani, na sikukuu hiyo ilitangazwa rasmi na Lincoln mwaka uleule wa 1863. Ni tofauti ya mwezi mmoja tu. Hata hivyo, mimi ningemwambia mtoto tarehe ya kweli, maana hadithi haipungui utamu kwa hilo.

Jack mwenyewe aliishi vizuri baada ya hapo. Novemba 1864, siku ya uchaguzi, askari wa Pennsylvania waliokuwa wakilinda Ikulu walipigia kura zao palepale uwanjani. Bata mzinga akawa anajipitisha katikati yao. Lincoln, akitazama dirishani na mwanawe, akamuuliza kama Jack naye anapiga kura. Tad akajibu papo hapo kwamba hapana, hajatimiza umri. Brooks anasema rais alilifurahia sana jibu hilo na kulisimulia kwa wageni.

Je, wajua Tad alikuwa mtoto wa namna gani?

Jina lake hasa lilikuwa Thomas, na alizaliwa tarehe 4 Aprili 1853. Alikuwa na tatizo la kuzungumza, na wengi hawakumwelewa, lakini baba yake alimwelewa. Alikuwa mtukutu wa kupigiwa mfano. Siku moja aliwafunga mbuzi kwenye kiti kama wanyama wa kukokota gari, akakatiza nao ukumbi mkubwa wa Ikulu mbele ya wageni.

Utundu huo haukukemewa sana, na chanzo chake ni kaburi. Tarehe 20 Februari 1862 kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa, Willie, alifariki dunia ndani ya Ikulu kwa homa inayodhaniwa kuwa ya matumbo, akiwa na miaka 11. Mwingine, Edward, alikuwa ameshafariki mwaka 1850. Mkubwa, Robert, alikuwa chuoni. Kwa hiyo mtoto aliyekuja kumwombea bata mzinga ndiye pekee aliyebaki nyumbani, na alikuwa akimwomba baba aliyezika watoto wawili. Mtu anayekisoma kitabu bila kulijua hilo anaweza kudhani Lincoln alikuwa akimdekeza mwanawe. Mimi namwona mzazi aliyeishiwa na uwezo wa kuona machozi mengine nyumbani mwake.

Je, wajua kwamba kabla ya bata mzinga, aliyesamehewa alikuwa mwanasesere?

Naye aliitwa Jack. Habari zake zimeandikwa na Julia Taft Bayne, aliyekuwa binti mdogo miaka hiyo, na ambaye kaka zake wawili wadogo, Bud na Holly, walikuwa wakicheza na watoto wa rais kila kukicha. Mwanasesere huyo alivalishwa sare za Zouave, kikosi kilichojulikana kwa suruali pana nyekundu. Wavulana walimgeuza askari wao. Tatizo ni kwamba Jack alikuwa mkosaji sugu: kila mara alikutwa amelala lindoni. Wakaitisha mahakama ya kijeshi, wakamhukumu kupigwa risasi, kisha wakamchimbia kaburi kwenye bustani ya Ikulu, katikati ya mawaridi, na kumzika kwa heshima zote za mazishi.

Mtunza bustani, aliyekuwa akihofia maua yake, akawashauri: kwa nini msimwombee msamaha? Wakapanda ngazi mbio hadi ofisini kwa rais. Lincoln hakuwafukuza. Alitaka kuelezwa mashtaka, akasikiliza utetezi, kisha akachukua karatasi yenye nembo ya ofisi yake na kuandika kwamba mwanasesere Jack amesamehewa kwa amri ya rais. Akatia sahihi.

Bayne anaongeza kwamba haikupita wiki kabla Jack hajaning'inizwa kwenye kichaka nyumbani kwao. Safari hii alihukumiwa kwa kosa la ujasusi.

Je, wajua kwamba kulala lindoni lilikuwa kosa la kifo kweli?

Watoto wale hawakuibuni sheria hiyo. Usiku wa kuelekea Septemba 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari kijana wa kikosi cha tatu cha Vermont aitwaye William Scott alikutwa amesinzia lindoni karibu na daraja liitwalo Chain Bridge, nje ya Washington. Inasimuliwa kwamba usiku uliotangulia alikuwa amekesha akimshikia zamu mwenzake mgonjwa. Alihukumiwa kupigwa risasi tarehe 9 Septemba. Maofisa na askari wenzake wakapeleka ombi la kumnusuru, na amri ya Jenerali McClellan ya kumwachia ilitaja kwamba rais mwenyewe ameonyesha kutaka asamehewe. Scott alirudi kikosini. Aliuawa vitani huko Lee's Mills, Virginia, tarehe 16 Aprili 1862.

Majalada ya namna hiyo yalimfikia Lincoln kwa mamia. Askari walioshtakiwa kwa kukimbia mapambano aliwaita kesi za miguu, yaani watu wenye moyo wa kupigana lakini miguu inawakimbia nao. Majenerali walilalamika kwamba anaharibu nidhamu ya jeshi, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu anayelala lindoni anaweza kuwaponza wengine wote. Lincoln aliendelea kusoma majalada moja baada ya jingine, huku ngazi za ofisi yake zikijaa akina mama na wake za watu waliokuja kuomba.

Je, wajua kwamba sikukuu yenyewe iliombewa kwa miaka 17?

Sarah Josepha Hale alizaliwa New Hampshire mwaka 1788. Mumewe alifariki mwaka 1822 na kumwachia watoto watano, na tangu hapo alivaa nguo nyeusi maisha yake yote. Aliishi kwa kalamu. Yeye ndiye mtunzi wa shairi la Mary na mwanakondoo wake, ambalo watoto wa Afrika Mashariki wameliimba shuleni kwa Kiingereza bila kujua limetoka kwa nani. Alikuwa mhariri wa jarida la wanawake la Godey's Lady's Book, lililokuwa na wasomaji wengi kuliko majarida mengine ya Marekani wakati huo.

Siku hizo kila jimbo lilijipangia siku yake ya shukrani, na mengine hayakuwa nayo kabisa. George Washington aliwahi kutangaza siku moja kwa nchi nzima, tarehe 26 Novemba 1789, lakini Thomas Jefferson alipoingia madarakani alikataa kuendeleza, akiamini kwamba serikali haipaswi kuwaamuru watu kuhusu ibada. Hale alianza kampeni yake mwaka 1846. Aliwaandikia magavana, akawaandikia marais mmoja baada ya mwingine, na kila mwaka akaweka ombi hilo jaridani. Tarehe 28 Septemba 1863 alimwandikia Lincoln. Siku tano baadaye, tarehe 3 Oktoba, tangazo likatoka. Lilikuwa limeandikwa na waziri wa mambo ya nje, William Seward.

Watu wengi wanakumbuka kwamba tangazo hilo linashukuru kwa mavuno. Wachache wanakumbuka kwamba linawataka wananchi pia wawaombee wajane, yatima na wote walioumizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mapigano ya Gettysburg katika vita hivyo yalikuwa yamepita miezi mitatu tu. Siku ya sikukuu yenyewe ilipofika, 26 Novemba, Lincoln alikuwa mgonjwa kitandani kwa aina hafifu ya ndui.

Hale naye ana kitabu chake cha picha, Thank You, Sarah, kilichoandikwa na Laurie Halse Anderson na kutoka mwaka 2002. Kukisoma pamoja na kile cha Tad kunampa mtoto picha pana zaidi: mmoja aliomba kwa machozi ya dakika chache, mwingine kwa barua za nusu ya umri wa mtu.

Wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, wakiwemo Wakongo na Warundi waliopelekwa huko kama wakimbizi, watakuwa wamekutana na sikukuu hii kwa njia nyingine. Mwezi Novemba mtoto anarudi kutoka shule akiwa na karatasi aliyochorea kiganja chake. Kidole gumba kimepewa jicho na kuwa kichwa cha bata mzinga, na vidole vinne vimepakwa rangi kuwa manyoya ya mkia. Pamoja na karatasi inakuja hadithi ya mwaka 1621, ya wahamiaji wa Kiingereza wa Plymouth waliokula siku tatu pamoja na Massasoit, kiongozi wa wenyeji wa asili Wawampanoag, na watu wake wapatao 90. Karamu hiyo ilikuwepo, na imetajwa katika barua ya mmoja wa wahamiaji, Edward Winslow. Yaliyofuata baadaye, yaani vita na kunyang'anywa ardhi, hayachoreki kwa kiganja. Tangu mwaka 1970 wenyeji wa asili na wanaowaunga mkono hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuifanya siku ya maombolezo.

Je, wajua kuhusu majina aliyoyaandika Lincoln kwa mkono wake?

Hili halimo katika kitabu cha watoto, na sidhani kama linafaa kwa mtoto wa miaka sita. Lakini mtu mzima anayesimulia huruma ya Lincoln kwa ndege analazimika kulijua.

Mwaka 1862 Wadakota, wenyeji wa asili wa Minnesota, wakiwa na njaa huku malipo waliyoahidiwa na serikali kwa ardhi yao yakichelewa, waliingia vitani. Mamia ya walowezi waliuawa. Baada ya kushindwa, tume ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume 303. Hawakuwa na mawakili, na kesi nyingine zilichukua dakika chache tu. Askofu Henry Whipple wa Kanisa la Episkopali, aliyekuwa akiishi nao jirani, alikwenda hadi Washington kuwasemea, ilhali gavana, jeshi na magazeti ya Minnesota walidai wote wanyongwe. Lincoln aliagiza apelekewe kumbukumbu za kila kesi, na wasaidizi wake wakazipitia moja moja kutenganisha aliyepigana vitani na aliyeua raia au kubaka. Tarehe 6 Desemba alimwandikia Jenerali Sibley orodha ya watu 39 kwa mkono wake mwenyewe, akiyaandika majina ya Kidakota herufi kwa herufi ili wasichanganywe. Mmoja aliondolewa baadaye. Tarehe 26 Desemba 1862, kesho yake baada ya Krismasi, wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Mpaka leo ndiyo idadi kubwa zaidi ya watu kunyongwa kwa mara moja katika historia ya Marekani.

Mmoja wao hakupaswa kuwa pale. Katika vita hivyo, mwanamke mzungu aitwaye Sarah Wakefield alitekwa pamoja na watoto wake wawili, na Mdakota aitwaye Chaska akawalinda wasiuawe. Mbele ya tume Wakefield alisimama kumtetea Chaska, jambo lililomletea matusi kutoka kwa watu wake mwenyewe. Chaska alikuwa miongoni mwa walionusurika, maana jina lake halikuwemo katika orodha ya rais. Asubuhi ya kunyonga likaitwa jina linalofanana na lake, naye akachukuliwa. Mwombezi alikuwepo, msamaha ulikuwepo, na bado akafa kwa sababu walinzi walichanganya majina. Wakefield aliandika kitabu mwaka uliofuata kueleza alichokiona.

Lincoln aliwaokoa zaidi ya watu 260 mwezi huohuo, na aliruhusu 38 wauawe baada ya kesi ambazo leo hakuna hakimu angezikubali. Mwaka mmoja baadaye alikaa ofisini akisikiliza ombi la kumnusuru bata mzinga. Ni mtu yuleyule, na mimi siwezi kuisoma hadithi moja nikaificha nyingine. Wale waliosalimika wenyewe walifungwa Davenport, Iowa, ambako wengi walifariki, hadi Rais Andrew Johnson alipoamuru mwaka 1866 waliobaki waachiwe.

Je, wajua kwamba desturi ya kumsamehe bata mzinga ni ya juzi tu?

Wengi husema ilianza na Lincoln, au na Harry Truman mwaka 1947. Truman alikuwa wa kwanza kupokea bata mzinga katika hafla rasmi ya chama cha wafugaji, lakini hakumsamehe yeyote. Ndege wake walikwenda jikoni. Novemba 1963 John F. Kennedy aliletewa bata mzinga mwenye kibao shingoni cha kumtakia rais mlo mwema. Akasema wamwache aendelee kukua. Siku chache baadaye Kennedy mwenyewe akauawa. Aliyelifanya tamko la msamaha kuwa rasmi ni George H. W. Bush, Novemba 1989, na tangu hapo linarudiwa kila mwaka.

Bahati ya ndege hao ni ya muda mfupi. Bata mzinga wa kisasa amezalishwa anenepe haraka, kifua kizito kuliko miguu inavyoweza kubeba, na wengi wa waliosamehewa hawakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Si bata mzinga peke yake aliyenusurika. Mwaka 1926 Rais Calvin Coolidge alipelekewa rakuni, mnyama mdogo wa porini mwenye mistari mkiani, ili aliwe Sikukuu ya Shukrani. Familia ikakataa kumla. Wakamwita Rebecca, wakamvisha ukosi, na akawa mmoja wa wanyama wa nyumbani Ikulu.

Je, wajua msamaha wa sikukuu unavyofanya kazi kwetu?

Tanzania inaujua vizuri. Ibara ya 45 ya Katiba inampa rais uwezo wa kusamehe, na mara nyingi msamaha kwa wafungwa hutangazwa siku ya Uhuru, 9 Desemba, au siku ya Muungano, 26 Aprili. Katika Uhuru wa 2017 Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa zaidi ya 8,000 kwa mpigo, wakiwemo waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekwenda hatua nyingine. Ibara ya 133 inasema rais anaweza kutoa msamaha kwa ombi la mtu yeyote, akifuata ushauri wa kamati maalumu. Si lazima uwe wakili wala ndugu wa damu. Mama wa mfungwa anaweza kuandika, mwalimu wake wa zamani anaweza, jirani anaweza. Rais anaweza kumwachia mtu huru moja kwa moja au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuipunguza, au kuibadilisha iwe nyepesi. Na kamati hiyo, kabla ya kutoa ushauri wake, inaruhusiwa kuzingatia maoni ya wale waliotendewa kosa, jambo ambalo katika Minnesota ya 1862 halikufanyika kwa utaratibu wowote, si kwa familia za walowezi waliouawa, wala kwa mwanamke aliyesema kwamba mtu huyu ndiye aliyeniokoa.